Kiti cha Upande wa Mlima

Kitu cha kwanza walichofanya ni kumtoa kuku wangu kwenye mayai. Kuku alikuwa amelalia ndani ya trekta ya marehemu mume wangu, pale dereva anapowekea miguu, amejitengenezea nyasi zake vizuri. Mwanaume mzima mwenye kofia ya jua akamshika mabawa akamtupa nje. Halafu akapiga magoti. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anasoma namba iliyogongwa kwenye chuma.

"Ni yenyewe!" akaita. "Njooni muone, ni yenyewe!"

Wenzake wakaja mbio. Wanaume wa mvi, wengine na vitambi, wanakimbia ndani ya boma langu wakikanyaga mboga. Sijui kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kumkimbilia mama yake namna hiyo.

Hao ni watu wa trekta kuukuu. Sikujua kama kuna watu wa namna hiyo mpaka mwanangu wa kwanza aliponiletea. Yeye anaishi Embu, mtaa wa Majimbo, na huyu wa kofia ni jirani yake, karani aliyestaafu, wenzake wanamwita Mwenyekiti. Mwingine niliyemshika sura ni mwenye duka la misumari na mabati hapo Makutano, Mmeru wetu, sauti kama ya kuita ng'ombe. Wale wengine walikuwa wa kuitikia tu. Jumamosi watu wengine wanaenda kuona wagonjwa. Hawa wanaenda kuona trekta za watu. Hawanunui, hawalimi. Wanaangalia, wanapapasa, wanapiga picha, wanaenda kwa ingine.

Niliwapa chai na nduma, maana mgeni ni mgeni hata kama ametupa kuku. Na nikakaa kando nikawasikiliza.

Wanajua, siwezi kuwanyima hilo. Walisema trekta za Timau, kule kwa ngano, ni kubwa kama nyumba, magurudumu ya nyuma mawili mawili kila upande, na haziogopi kitu kwa sababu nchi yenyewe imelala chali. Za Mwea, kwa mpunga, zilivuliwa tairi zikavishwa magurudumu ya chuma yenye meno, zisizame matopeni. Za mashamba makubwa ya kahawa, ekzosi ilikatwa ikapitishwa chini ya tumbo, isiunguze matawi. Mwenye duka akajigamba kwamba wamfunge kitambaa machoni, aguse trekta kwa mkono, atawaambia ililima wapi.

"Na za huku kwenye miteremko?" mmoja akamuuliza.

Yeye alikuwa anangojea hapo. Akapiga madigadi ya kushoto kwa kiganja, vumbi likaruka. "Za huku ni hii! Kiti cha bibi!"

Wote wakacheka. Mwanangu akacheka pamoja nao.

Juu ya madigadi hiyo, lile bati linalofunika gurudumu kubwa la nyuma, kuna kiti. Kilikuwako, niseme. Kidogo, cha chuma kitupu, kimesimama kwa vyuma viwili vilivyochomelewa, na chuma kingine cha kushikilia mbele ya tumbo. Hakikutoka nacho kiwandani. Kilichomelewa huku.

"Kwetu Embu kiti cha bibi kiko kulia," Mwenyekiti akasema.

"Kwa sababu Embu mnafanya kila kitu kinyume."

"Kwa sababu sisi tulimsikiliza bwana shamba! Nyinyi mlitupa udongo wote mtoni."

Na hiyo ni kweli. Sahani za plau zinatupa udongo upande wa kulia, hazijui upande mwingine. Huku Meru wanaume walipenda udongo ushuke, ni rahisi kwa mashine, kwa hivyo mlima ulikuwa kushoto kwa dereva. Kule Embu nilikozaliwa, bwana shamba alisimamia udongo utupwe juu, mlima ukawa kulia. Na mtu wa kuzuia trekta isipinduke anakaa upande wa mlima. Hiyo ndiyo tofauti yao yote kubwa wanayobishania wakimaliza petroli. Mwanamke alikaa kushoto ama alikaa kulia.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Kisha wakaanza kupanda kwenye hicho kiti mmoja mmoja wapigwe picha. Mwenye kitambi kikubwa akakwama kwenye chuma cha tumbo, wakamvuta huku wanalia kwa kicheko.

"Shosho," akaniita akiwa bado amebanwa, "mzee alikuwa anakupeleka matembezi?"

"Toka hapo unywe chai," nikamwambia.

Matembezi.

Trekta hiyo mzee wangu na ndugu zake waliitoa Timau baada ya uhuru, wakati mzungu mmoja alikuwa anauza kila kitu arudi kwao. Ilipoingia kwenye barabara yetu wanawake tulipiga vigelegele mpaka koo likakauka, na mimi nilikuwa wa mbele. Jumapili mchungaji akaiwekea mkono kwenye boneti akaiombea. Tulikuwa tumelima kwa jembe la mkono mpaka viganja vikawa kama kwato, kwa hivyo nani hangeimba? Tulidhani mgongo umepona.

Lakini ile ilikuwa trekta ya Timau. Haikujua mteremko. Siku ya kwanza shambani gurudumu la upande wa juu liliinuka kutoka ardhini, mzee akaruka, ikabaki imesimama inatetemeka kama inafikiri. Wakafunga magunia ya udongo upande wa juu. Magunia yakateleza. Wakafunga mawe. Mawe yakaanguka, moja likavunja bomba. Wanaume wakakaa chini ya mti kunywa uji na kushauriana, na waliporudi walikuwa na jibu. Nakumbuka maneno ya mzee wangu kwa sababu aliyasema kwa furaha kabisa.

"Gunia halijui kujishikilia. Mtu anajishikilia."

Mtu mwenyewe alikuwa wifi yangu, dada wa mzee wangu. Alikuwa hajaolewa, mnene wa kupendeza, mcheshi kuliko wote pale kwao. Wakamkalisha juu ya madigadi, bila kiti, bila kitu, ameshika taa ya trekta kwa mkono mmoja. Alifurahia. Alikuwa anapungia wasichana wenzake waliokuwa wanapalilia mashamba ya jirani, anawaitia, "Nyinyi endeleeni kuinama!" Alikuwa anatakiwa ajiegemeze upande wa mlima gurudumu likianza kuwa jepesi. Na alijua kulisikia. Alisema linanyamaza kidogo kabla ya kuinuka.

Siku moja gurudumu likapanda kisiki kilichofichwa na nyasi. Wifi akarushwa nyuma, akaanguka kati ya gurudumu na plau, na sahani ya kwanza ikampita mguuni.

Sitaeleza mguu. Nitaeleza watu. Alipelekwa hospitalini kwenye trela ya trekta hiyo hiyo, amelala juu ya majani ya migomba, mimi nimemshika kichwa. Majirani walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wanasikitika. Na mwanaume wa kwanza aliyetusimamisha, mzee wa kanisa, alimuuliza mume wangu hivi: "Na trekta? Haikuumia?"

Mume wangu akamjibu, "Ni sahani moja tu imepinda."

Mimi nilikuwa pale. Wifi alikuwa pale, macho wazi, anasikia.

Mguu haukukatwa lakini ulipona mfupi, umegeuka nje. Mwanaume aliyekuwa amepeleka maneno ya kumposa hakurudi tena kwetu. Wifi alibaki pale kwa ndugu zake, akajifunza kutembea na fimbo, na miaka yake yote ameuza ndizi soko la Gakoromone akiwa amekaa juu ya kreti, mguu umenyooshwa mbele, wapita njia wanauruka.

Mzee wangu hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Angekuwa mbaya ningemaliza hasira zamani nikapumzika. Alihuzunika. Alikonda. Na baada ya huzuni akaenda kwa fundi akachomelewa kiti na chuma cha kushikilia, ili mtu asianguke tena. Akarudi nacho akanionyesha kama mtu aliyeleta zawadi. "Sasa ni salama," akasema. "Panda."

Nikapanda. Nani mwingine angepanda? Wanaume walikuwa wanaendesha, ama walikuwa wanasimama kwenye mpaka wakionyesha kwa mkono. Msimu baada ya msimu nilikaa kwenye chuma hicho, mvua ya kwanza ikinyesha, moshi unaniingia mdomoni, tumbo linagongwa na kile chuma cha kushikilia. Nilikaa hapo na mtoto mgongoni. Nilikaa hapo na mtoto tumboni. Wake za jirani waliokuja kulimiwa mashamba yao nao walikaa, kila mmoja kwenye shamba lake, hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mwenye shamba analeta mke wake awe uzito. Mke mwembamba alitaniwa. "Huyu lete na mama mkwe!" wanaume walikuwa wanasema.

Na kuna kitu ambacho hao wa picha hawakijui, ama wanakijua na hawaoni kama ni kitu. Plau ile ililima kwenda tu. Kurudi, ilikuwa inainuliwa juu na trekta inarudi tupu mpaka mwanzo wa mstari, na sasa kiti kiko upande wa bondeni. Uzito ukikaa bondeni trekta inapinduka. Kwa hivyo mwisho wa kila mstari mzee alikuwa anasimama, mimi nashuka, yeye anageuza anaenda. Mimi nafuata nyuma kwa miguu, kwenye udongo uliotifuliwa, viatu sina, mpaka kule mwanzo anakoningojea injini inanguruma. Napanda tena. Nikichelewa anapiga honi.

Honi.

Sasa turudi kwa wageni. Wakati wanajiandaa kuondoka, Mwenyekiti akavua kofia akaja mpaka mbele yangu kwa heshima, mwanangu pembeni yake. Wakanieleza. Trekta itaenda Embu kwenye shoo ya kilimo, iwekwe na zingine za kila mahali, ya Timau, ya Mwea, ya kahawa, watu waone tofauti. Itapakwa rangi upya. Mwanangu alikuwa ameshakubali. Yeye Mwenyekiti alikuwa anataka kiti kikatwe, trekta ibaki vile ilivyotoka kiwandani, lakini mwenye duka alikataa kabisa. Alisema bila kiti hicho haina maana, na kwamba Embu hawatakuwa na trekta yenye kiti kushoto. Kwa hivyo walikuwa wamepatana kiti kibaki.

"Na ili watu waelewe," mwenye duka akasema, macho yanang'aa, "tutaweka bibi!"

"Bibi gani?"

"Wa duka la nguo, shosho! Ile sanamu ya plastiki ya kuvalisha. Ninaye jirani Makutano atatuazima. Tunamfunga kitambaa kichwani, tunamkalisha pale, watoto watapenda sana. Tulikuwa tunauliza kama una leso ya zamani. Ya siku zile. Iwe halisi."

Nilimwangalia mwanangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake, lakini alikuwa bado na kicheko pembeni mwa mdomo.

"Mama, ni sifa kwetu," akasema.

Nilichukua vikombe vyao, hata vya wale waliokuwa hawajamaliza, nikaingia jikoni, na hawakuniona tena siku hiyo. Leso ninazo. Sikutoa.

Siku tatu nilikuwa napika na sisemi na mtu. Ya nne nikaenda kwa wifi, ng'ambo ya mto mdogo, nikamkuta anamenya viazi mlangoni. Nikamweleza yote, kuku, picha, kitambi kilichokwama, sanamu.

Alimenya kiazi mpaka mwisho bila kuinua kichwa. "Hiyo sanamu," akasema, "ina miguu miwili?"

"Ina miwili."

"Basi si mimi. Ni wewe hiyo." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Na wewe utakubali kufanywa plastiki?"

"Nimekuja kwako tukasirike pamoja, wewe unanifanyia mzaha."

"Mimi nilimaliza kukasirika wakati ndugu yangu alisema ni sahani moja imepinda. Wewe ndiye umechelewa. Nipe fimbo."

Jumamosi iliyofuata walikuja na lori la kubeba. Walitukuta wote wawili tumekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya trekta, wifi na mguu wake umenyooka njiani kama alivyouzoesha sokoni, na msumeno wa chuma mapajani mwangu. Nilikuwa nimeuazima kwa fundi wa milango.

"Trekta mtachukua," nikawaambia. "Mwanangu ameahidi, na baba yake amekufa, sina haja na chuma. Kiti hakiendi."

Mwenye duka alipiga kelele kama amechomwa. "Shosho! Hicho kiti ndicho chenyewe! Ukikitoa hiyo si trekta ya Meru tena!"

"Basi ni trekta tu."

"Lakini hii ni historia!"

"Ya nani?" wifi akamuuliza. Alimwuliza kwa upole kabisa, huku anavuta sketi juu kidogo, mpaka kwenye goti. Mwenye duka aliangalia, kisha akaangalia mlima.

Mwenyekiti, ambaye tangu mwanzo alikuwa anataka kiti kikatwe, akaona bahati imemjia. Akanyoosha mkono achukue msumeno. "Mimi nitakata, shosho, hakuna shida."

"Wewe keti. Atakata huyu." Nikampa mwanangu.

Mwanangu ni mtu wa ofisi. Mikono yake ni laini kuliko yangu. Akaanza kukata chuma cha kwanza, na chuma cha fundi wa zamani si mchezo, jasho likamtoka mara moja, shati likashika mgongo. Wale wengine wakataka kumpokea, nikawaambia mtu asimguse. Wifi alikuwa anafurahia.

"Saga, mtoto wetu, saga! Ukichoka pungia wasichana!"

Alipomaliza cha kwanza akasimama kupumua, ameegemea lile gurudumu. Aliuliza bila kuniangalia. "Mimi nilikuwa wapi siku hizo? Mlikuwa mnaniacha kwa nani?"

"Hatukukuacha," nikamwambia. "Ulikuwa tumboni, umekaa hapo hapo unapokata. Hicho chuma cha mbele kilikuwa kinakugonga."

Akaangalia kile chuma. Akakishika. Mimi sikumwongezea, kwa sababu sikutaka alie mbele ya wenzake nikalazimika kumhurumia. Bado nilikuwa nimekasirika na yeye. Akarudi kukata chuma cha pili, na mara hii alikata polepole, na pale bomani ukasikika msumeno na kuku tu.

Kiti kilipoanguka kilianguka kwa kishindo kikubwa kuliko ukubwa wake.

Lori likaondoka na trekta. Kiti tulikipeleka kwa wifi, mwanangu amekibeba begani kuvuka mto. Sasa kiko jikoni kwake karibu na moto, amekifunga na gunia. Yeye hakalii. Anaketi kwenye stuli yake ya kawaida, halafu anainua mguu ule mbovu kwa mikono miwili anauweka juu yake. Nikimkuta hivyo ananiambia, "Kimefanya kazi yake ya kwanza ya maana."

Kwenye shoo sikwenda. Mwanangu alienda siku zote, wenzake walimpa kazi ya kusimama karibu na trekta kujibu maswali ya watu. Jioni ya siku ya kwanza alinipigia simu. Alisema imepakwa rangi nyekundu inayong'aa, imewekwa kati ya ile ya Timau na ile ya Mwea, na kwamba mwenye duka bado amenuna. Alisema watu wengi walikuwa wanauliza juu ya ile madigadi ya kushoto, kwa sababu alama mbili za msumeno zinaonekana hata chini ya rangi.

"Na uliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Niliwaambia hapo palikuwa na kiti. Mama yangu alikuwa anakaa hapo, trekta isipinduke baba akilima."

"Hiyo ni kwenda. Na kurudi?"

Nilisikia watu nyuma yake, na mziki wa shoo.

"Kurudi ilikuwaje, Mama?"

Kwa hivyo nikamweleza, mstari mpaka mstari, kushuka, na udongo, na honi. Alikuwa anasema ndiyo, ndiyo. Nilipomaliza nikamwambia kesho asimame pale pale, na akishaeleza kile kiti, asiwaache watu waende. Awaambie na kurudi.

"Nitawaambia," akasema.

"Waambie nilikuwa natembea."